Nani Alikagua Kabla ya Kulipa? Ununuzi wa Silaha Uganda na Tanzania



Katika mikutano ya matawi, hasa ya mashamba ya chai na viwanda vya nguo, swali moja limekuwa likirudi mara kwa mara. Kwa nini tukidai nyongeza ya mshahara, zahanati au nyumba tunaambiwa uchumi ni mbaya, lakini serikali za sehemu zetu hizi hazikosi pesa za kununulia silaha? Swali hili ni la haki. Hata hivyo linachanganya mambo mawili, na ni afadhali tuyatenganishe kabla ya kuendelea.

Jambo la kwanza ni kama nchi inahitaji ulinzi. Hapo hatuna ubishi mkubwa. Jeshi la Idi Amin lilipoingia Kagera mwaka 1978, wananchi wa Tanzania hawakuulizana jeshi lao lina kazi gani. Jambo la pili ndilo tunalotaka kulieleza. Pesa zikishatengwa kwa ajili ya ulinzi, ni nani anayeamua kitakachonunuliwa, kwa bei gani, kutoka kwa nani? Na ni nani anayekikagua kitu hicho kabla hakijalipiwa? Ni katika jambo hili la pili majirani zetu wamepata hasara ambayo inaweza kuhesabiwa.

MASHINE YENYE RANGI MPYA

Tuanze na jambo linalojulikana na kila mtu aliyewahi kufanya kazi kiwandani. Miaka kadhaa iliyopita, katika kiwanda kimoja cha chai ambacho hatutakitaja, wakubwa walinunua mashine ya kukaushia majani. Ilikuwa kuukuu, lakini imepigwa rangi ya kijani ikang'aa. Fundi mkuu, mtu wa miaka ishirini katika kazi hiyo, hakuulizwa lo lote. Aliiona siku iliposhushwa kwenye lori. Akafungua kifuniko kimoja, akatazama ndani, akasema beringi zimekwisha na vipuri vya mashine ya namna hii ni vigumu kupatikana. Akaambiwa ashike kazi yake.

Mashine ilikwenda wiki tatu. Ilipokufa, majani yaliharibika ghalani, wachumaji wakaambiwa wabaki nyumbani, nao kama mjuavyo hulipwa kwa kilo, kwa hivyo siku bila kuchuma ni siku bila chakula. Barua ya onyo akaandikiwa fundi.

Ununuzi wa silaha unafuata njia hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba tarakimu zake ni kubwa zaidi, na anayeuliza huambiwa kwamba hiyo ni siri ya serikali.

HELIKOPTA ZA UGANDA

Katika miaka ya 1990 serikali ya Uganda ilikuwa ikipigana na kundi la Joseph Kony, liitwalo Lord's Resistance Army, huko kaskazini ya nchi. Nchi ile ni pana, nyasi zake ni ndefu, na waasi walitembea kwa miguu katika vikundi vidogo vidogo. Wakuu wa jeshi waliona kwamba helikopta za kushambulia zitasaidia. Uamuzi huo peke yake haukuwa wa kipumbavu. Helikopta iliyochaguliwa ni aina ya Mi-24, iliyobuniwa na Warusi, ambayo huweza kubeba askari wanane pamoja na bunduki na roketi zake. Ikiwa nzima si kitu cha kudharauliwa.

Lakini zilizotakiwa hazikuwa mpya. Zilikuwa nne zilizokwisha kutumika, zikitoka Belarus, na mkataba ulisema zitafanyiwa matengenezo makubwa kwanza. Bei ya zote nne ilikuwa kama dola milioni 12. Biashara yenyewe haikufanywa moja kwa moja na kiwanda cha matengenezo, bali ilipitia kampuni ya watu wa kati.

Mwaka 1998 helikopta mbili zikafika. Wataalamu walipozitazama waliona kwamba hazikuwa zimetengenezwa kama mkataba ulivyosema, na haikuwa salama kuzirusha. Mbili nyingine hazikufika kabisa. Waganda, ambao hawakosi maneno, wakaziita vyuma chakavu, na jina hilo likazishika.

Ni vizuri tueleze kidogo jambo la matengenezo, maana hapa ndipo ujanja hupita. Umri wa chombo cha kuruka hauhesabiwi kwa miaka tu kama umri wa ng'ombe. Injini, mapanga na sehemu nyingine muhimu huhesabiwa kwa saa zilizokaa angani. Saa hizo huandikwa katika vitabu vya chombo, na zikifika idadi fulani sehemu hiyo hufunguliwa na kutengenezwa upya au kutupwa. Kwa hivyo anayenunua helikopta kuukuu kwa kweli ananunua saa zilizobaki. Rangi mpya haiongezi hata saa moja. Fundi wa ndege akipewa vitabu hivyo na siku chache za kukagua chombo, anaweza kusema kama bei ni ya haki au ni wizi. Kazi hiyo yafaa ifanywe huko huko kwa muuzaji, kabla ya malipo na kabla ya kusafirisha. Kitu kikishateremshwa Entebbe na pesa zikiwa zimekwisha kwenda, ukaguzi huo huwa ni wa kuandika hasara tu.

Kisha ikafuata habari ya dalali. Jenerali Salim Saleh, nduguye Rais Yoweri Museveni, ambaye wakati huo alikuwa mshauri wa Rais katika mambo ya ulinzi, alikiri kwamba aliahidiwa dola 800,000 katika biashara hiyo, yaani dola 200,000 kwa kila helikopta. Ilielezwa kwamba alimwarifu Rais, naye Rais akaagiza pesa hizo zitumike katika vita vya kaskazini. Mwishoni mwa mwaka 1998 Jenerali huyo alijiuzulu ushauri.

Hebu tulipime jambo hili polepole. Wapo waliosema kwamba kama pesa za dalali zilirudi vitani basi hakuna kilichopotea. Hatukubaliani nao. Pesa za dalali hazitoki mfukoni mwa muuzaji. Huwekwa juu ya bei, na bei hulipwa na nchi. Lakini ubaya mkubwa zaidi si hizo dola. Ubaya ni kwamba mtu anayemshauri mnunuzi, akiwa na faida yake katika biashara, hawezi tena kusema, "Kitu hiki ni kibovu, tusikinunue." Mdomo wake umekwisha kufungwa. Nyapara aliyekula na mwenye mizani hawezi kuwatetea wachumaji kilo zao zinapopunguzwa.

Mwaka 2001 iliundwa tume ya uchunguzi chini ya Jaji Julia Sebutinde, na maofisa wa jeshi na wa Wizara ya Ulinzi wakaitwa kueleza. Kwa hilo Uganda yastahili sifa, maana si jambo la kila siku katika Afrika ya Mashariki kuona wakubwa wa kijeshi wakihojiwa na jaji juu ya manunuzi yao. Mama huyo baadaye alichaguliwa kuwa jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague, akaanza kazi hiyo mwaka 2012. Hata hivyo tume huundwa baada ya mambo kuharibika, na hakuna tume iliyowahi kurusha helikopta.

Na aliyeumia ni nani? Kwanza ni askari wa kawaida. Yeye ni mtoto wa mkulima au wa mchumaji kama sisi. Tofauti ni kwamba hana chama cha kumtetea, hawezi kugoma, na akipewa chombo kibovu hana ruhusa ya kukikataa. Pili ni raia wa kaskazini. Kufikia mwaka 2005 watu zaidi ya milioni moja na nusu walikuwa wakiishi katika makambi, mbali na mashamba yao. Februari 2004, katika kambi ya Barlonyo karibu na Lira, waasi waliua watu zaidi ya 300 kwa siku moja. Hatusemi kwamba helikopta nne zingalizuia hayo. Vita vina sababu nyingi na havimalizwi na mashine. Tunasema tu kwamba watu hao ndio waliotajwa kuwa sababu ya kununua, na wao ndio hawakupata cho chote.

CHENJI YA RADA

Tuvuke sasa tuingie Tanzania, ambako kilichonunuliwa si helikopta bali rada ya kuongozea ndege, ya kijeshi na ya kiraia pamoja. Muuzaji alikuwa kampuni ya Kiingereza, BAE Systems. Bei ilikuwa paundi milioni 28, yaani kama dola milioni 40, na ilitafutiwa mkopo wa benki ya Barclays. Kibali cha kuiuza nje kilitolewa na serikali ya Uingereza Desemba 2001, mwezi mmoja tu baada ya Tanzania kufikia hatua ya kusamehewa sehemu kubwa ya madeni yake kwa sababu ya umaskini.

Kule London mawaziri waligombana juu ya jambo hili. Clare Short, aliyekuwa waziri wa misaada, alipinga waziwazi. Waziri Mkuu Tony Blair aliunga mkono. Moja ya sababu zilizotajwa ni ajira katika kiwanda cha Isle of Wight kilichotengeneza mitambo hiyo. Hatuwalaumu wafanyakazi wa huko kwa kutaka kazi. Lakini ni ajabu kidogo mfanyakazi wa Uingereza akatetewa kazi yake kwa mkopo utakaolipwa na mkulima wa pamba wa Shinyanga.

Benki ya Dunia ilitaka maoni ya shirika la kimataifa linalosimamia usafiri wa anga. Jibu la mwaka 2002 lilikuwa kwamba mtambo huo ni ghali kupita kiasi, na kwa kazi ya kuongoza ndege za abiria haukutosha. Hapa tena ni hadithi ya mashine ya chai. Fundi alisema, na fundi hakusikilizwa.

Kwa nini mtu anunue kitu ghali kisichofaa kazi aliyosema anakinunulia? Jibu la sehemu lilipatikana miaka mingi baadaye. Ilijulikana kwamba dola milioni 12.4 zilipelekwa kwa makampuni ya dalali mmoja aliyekuwa kati ya muuzaji na wakubwa. Fanyeni hesabu: dola milioni 12.4 katika milioni 40 ni 31 kwa kila mia. Ni kama mchumaji apeleke kilo 100 za majani, na kilo 31 ziandikwe kwa jina la mtu aliyesimama kando ya mizani na ambaye hakushika hata tawi moja.

Mwaka 2008 waziri mmoja wa Tanzania alijiuzulu baada ya habari kutoka kwamba ana kiasi cha dola milioni moja katika benki ya kisiwa cha Jersey. Alikana kwamba zilihusiana na rada, na hakushtakiwa kwa jambo hilo. Lakini alipoulizwa juu ya pesa hizo aliziita "vijisenti", na neno hilo halijatoka midomoni mwa Watanzania mpaka leo. Mtu anayelipwa mshahara wa kima cha chini na akasikia dola milioni moja zikiitwa vijisenti hahitaji kuelezwa zaidi.

Desemba 2010, katika mahakama ya Southwark jijini London, BAE ilikubali kosa la kutoweka hesabu sawasawa. Tafadhali someni tena: kosa la hesabu. Kampuni haikushtakiwa kwa kutoa hongo, ingawa jaji mwenyewe alionyesha kwamba ni mjinga tu atakayeamini dalali alilipwa pesa zote hizo kwa kazi ya maneno. Faini ilikuwa paundi 500,000. Pamoja na hiyo kampuni ilikuwa imekubali kulipa paundi milioni 29.5 kwa faida ya wananchi wa Tanzania. Pesa hizo zilifika mwaka 2012, zikanunuliwa vitabu vya shule za msingi na madawati. Watanzania waliziita chenji ya rada. Ni jina zuri, maana linasema kweli: duka lilirudisha chenji baada ya miaka kumi, na mwenye duka hakukubali kwamba aliiba.

BUNGE KUULIZWA BAADAYE

Yaliyotokea baadaye Uganda yanaonyesha kwamba somo la helikopta halikuingia sana. Serikali iliamua kununua ndege sita za kivita aina ya Sukhoi Su-30 kutoka Urusi. Hizi zilikuwa mpya, na hakuna aliyesema ni mbovu. Tatizo lilikuwa njia iliyofuatwa. Karibu dola milioni 740, za ndege na vifaa vingine vya kijeshi, zilitolewa katika akiba ya fedha za kigeni ya Benki Kuu, na Bunge likaombwa idhini Machi 2011, pesa zikiwa zimekwisha kuondoka. Gavana wa Benki Kuu wa wakati huo, Emmanuel Tumusiime-Mutebile, hakuficha kutoridhika kwake. Akiba hiyo ndiyo inayonunua mafuta, dawa na vipuri vya viwanda kutoka ng'ambo. Mwezi uliofuata, Aprili 2011, watu wa Kampala walikuwa barabarani wakienda kazini kwa miguu kulalamikia bei ya mafuta na chakula, na polisi wakawatawanya kwa gesi ya machozi.

Tena bei ya kununulia ni mlango tu. Ndege ya namna hiyo hutaka mafundi wake, vipuri vyake, marubani wanaoruka mara kwa mara wasije wakasahau kazi, na mafuta yasiyo haba. Mkubwa anayenunua bila kupanga hayo amenunua pambo la gwaride.

Hata vyombo vizima vinahitaji uongozi mzuri. Agosti 2012 Uganda ilituma helikopta nne kwenda Somalia, zikipita juu ya nchi yetu ya Kenya. Tatu za aina ya Mi-24 zilianguka katika Mlima Kenya, na askari wakapoteza maisha. Ya nne, ya aina nyingine, ilikuwa imefika Garissa salama. Uchunguzi wa upande wa Uganda uliwekwa chini ya Jenerali Salim Saleh, yule yule tuliyemtaja.

SIRI NI NINI?

Hoja inayotolewa kila mara ni kwamba mambo ya ulinzi hayazungumzwi hadharani. Sisi tunakubali kwamba ziko siri. Mahali jeshi litakapopita kesho ni siri. Idadi ya risasi katika ghala la mpakani ni siri. Lakini jina la kampuni iliyouza, bei iliyolipwa, kama kulikuwa na zabuni, fundi aliyekagua na sahihi yake, kama yuko dalali na anapata ngapi kwa mia: adui anafaidika nini akiyajua hayo? Mara nyingi adui anayajua tayari, kwa sababu wauzaji wa silaha huuza kwa pande zote. Asiyejua ni mlipa kodi, ambaye hulipa kila anaponunua sabuni, muda wa maongezi wa simu na gunia la saruji.

Katika mikutano yetu tumezoea kumwuliza mwajiri maswali kama hayo kuhusu mfuko wa akiba ya uzeeni, naye hujibu, hata kama hujibu kwa kununa. Mbunge anayekuja kuomba kura katika kambi za wafanyakazi anaweza kuulizwa vivyo hivyo: yumo katika kamati gani, na taarifa ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ilipofika kwenye fungu la ulinzi, yeye alisema nini? Katibu wa tawi yeyote anaweza kulisimamia swali hilo katika mkutano. Halihitaji elimu ya kijeshi.

Na tusiwacheke majirani. Mwaka 2003 serikali yetu ilitia sahihi mkataba wa meli ya kivita kutoka Hispania kwa bei ya zaidi ya shilingi bilioni 4. Ukazuka ugomvi juu ya mkataba huo pamoja na mingine ya wakati ule iliyojulikana kwa jina la Anglo Leasing, malipo yakasimamishwa, na meli ikabaki Ulaya ikingoja huku jeshi la wanamaji likingoja huku. Ilipewa jina la Jasiri. Wenzetu wa bandarini Mombasa waliiona ikifika mwaka 2012, miaka tisa baada ya sahihi.